Mwiko wa Karanga

Shikamoo Mama.

Ulipotoka kumkatia ng'ombe majani asubuhi, Given alivimba midomo, akashindwa kuhema. Amelazwa hospitali ya Mawenzi, ila sasa anapumua vizuri. Nimerudi kuchukua nguo zake tu.

Najua uji wake hukuutia karanga. Lakini uliukoroga kwa mwiko wa mchuzi wa karanga wa jana, uliofutwa tu kwa kitambaa. Mzio si kudeka, Mama! Hata chembe inatosha. Mwiko huo nimeutia motoni.

Ndama bado hajanywa.

~~Mjukuu wako usimpikie tena.~~

Mpikie mtori wa ndizi, umletee mchana. Tumia sufuria na mwiko mpya, viko kabatini.

Alipokuwa akitafuta pumzi mgongoni kwangu, hakuniita mimi. Alikuita wewe, Bibi yake.

Mkweo,
Mama Given