Mama Alipokataa Kupanda Mpunga kwa Sababu ya Jua

S.L.P. 61,
Rujewa, Mbarali.
2 Februari 2025.

Mpendwa kaka Edmund,

Shikamoo. U mzima huko Solwezi? Na kifua chako? Sisi tunaendelea vizuri, mvua zinanyesha, na mama anakula. Simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa, kwa hiyo nampa barua hii Isaka, dereva wa lori, akupitishie mgodini.

Mama alitutia wasiwasi. Mwezi uliopita alitumiwa video kwenye simu: duara la rangi angani, na sauti ikisema hilo ndilo jua letu, limeanza kupasuka, halimalizi miezi mitatu. Wapandikizaji walipofika shambani asubuhi, akawarudisha. Miche ikabaki kitaluni, inazidi umri.

Jirani yetu Vitus alinipigia nikiwa shuleni Chimala. Nikaomba ruhusa, nikaja. Nilimwambia mama picha ni ya kweli, ila si jua. Ni nyota ya mbali mno, iliyokuwa na ukubwa karibu na wa jua. Nyota za namna hiyo hazipasuki. Zinazopasuka ni zile kubwa sana. Hizi, fueli ya katikati ikiisha, huvimba na kuwa nyekundu, kisha gesi ya nje hutoka taratibu na kusambaa. Kinachobaki ni kiini kidogo, cha moto sana, na ndicho kinachoiangaza ile gesi. Wataalamu huiita nebula ya sayari, ingawa haihusiani na sayari; kwenye darubini za zamani ilionekana mviringo tu kama sayari. Baada ya maelfu ya miaka gesi hupotea, kiini kikabaki kinapoa.

"Na letu?" akauliza.

"Bado miaka bilioni tano, mama."

Kisha akasema, "Kufa sikuogopa. Nilitaka niende kwa Edmund nimwone kwanza."

Kaka, begi alikuwa ameshafunga. Nililikuta nyuma ya mlango.

Kesho yake tuliingia majini pamoja na wapandikizaji. Miche ya ekari moja ilikuwa imeharibika, tumeiacha. Ekari mbili zimeshika.

Aliposikia nakuandikia, alisema nisibadilishe neno: "Hiyo miaka bilioni tano ni ya jua, si yangu. Aje Pasaka."

Msalimie wifi Anjela na mtoto Didas. Shangazi Yusta na Vitus wanawasalimu. Mungu awalinde kazini na njiani mkija.

Mdogo wako anayekupenda,
Devotha