Kokwa za Shavu

Nyumba ileile,
Ghorofa ya pili, mlango wa kulia.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mtoto wa kaka yangu, Chiriku,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini barua hii itachukua wiki mbili njiani, na shikamoo yako itachukua nyingine mbili kunifikia, kwa hiyo nimeona niitikie mapema tusicheleweshane. Hujambo? Koo lako limepona? Baba yako aliniambia kwamba baridi ya huko ilikukaba hata sauti ikakauka. Nilishangaa, maana katika miaka mitatu uliyokaa nami sauti hiyo haikukauka hata siku moja. Jina la Chiriku hukupewa bure.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua ngazini, lakini ngazi ni zilezile ishirini na mbili, bado hazijaongezeka. Macho ni mazima. Vidole navyo ni vizima, na hivyo ndivyo vilivyoniponza, kama utakavyosoma.

Chumba chako nakifagia kila Jumamosi ingawa hakuna anayekichafua. Pazia nimelifua. Yule fundi cherehani wa chini ametia mota kwenye cherehani yake, na sasa anashona haraka kuliko anavyopima, kwa hiyo watu wanarudisha suruali kila siku. Anakuuliza. Nikipita mlangoni pake anasema, "Yule mwenye maneno hajarudi tu?" Nami namjibu kwamba uko masomoni, huko ng'ambo kwa wazazi wako.

Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nina kosa la kukiri, na kosa hukiriwa kwa maandishi, likatiwa sahihi. Isitoshe, siku hizi kwenye simu unanijibu, "Sawa, Shangazi," kisha nasikia mlango ukifungwa.

Kosa lenyewe ni hili: akaunti yako ya kule kwenye tovuti ya kufuga wanyama wa mchezo imefungwa, Shavu yumo ndani, na aliyesababisha ni mimi.

Sasa nianze mwanzo, kwa mpangilio. Siku uliyoondoka uliacha karatasi chini ya kibodi ya kompyuta. Uliandika: "Shangazi, usimwache Shavu na njaa. Nikipata intaneti huko nitamchukua." Chini yake ukaweka nenosiri. Mimi wakati ule nilimjua Shavu kwa kumchungulia kwenye kompyuta juu ya bega lako tu: mnyama wa buluu, masikio ya sungura, mashavu kama ameficha kiazi cha moto kila upande. Hata pa kuingilia nilikuwa sipajui. Lakini nilikuwa nimeachiwa mtu wa kulisha, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kulala njaa kwa uzembe wangu.

Uliacha kokwa, ndiyo pesa ya kule, mia tatu na kumi na mbili. Bakuli moja la supu ya Shavu ni kokwa arobaini. Kabla wiki mbili hazijatimia, sanduku lilikuwa tupu na Shavu amekaa akinipa mgongo. Nikajiuliza watu wa mji ule wa Shavu wanapataje riziki. Nikajaribu mchezo wa kupanga matofali, yakaniangukia. Nikajaribu ule wa kukimbiza kuku, nao kuku wakanizunguka wanavyotaka, maana mkono wangu na kile kipanya hawajaelewana mpaka leo. Siku tatu Shavu hakula. Siku ya nne ndipo nilipoiona mvua ya maneno.

Unaifahamu? Wewe ulikuwa huipendi. Maneno yanashuka kutoka juu kama mvua, nawe unatakiwa kuliandika kila moja kabla halijagusa ardhi. Kwa kila neno unaloliokoa unalipwa kokwa moja.

Nilicheka peke yangu chumbani. Miaka thelathini na mmoja nilipiga chapa katika ofisi ya mawakili, mahali ambapo barua yenye kosa moja ilichanwa ikaanzwa upya, hata kama kosa lilikuwa katika mstari wa mwisho. Tulipofundishwa kazi tulifunikwa mikono kwa kitambaa ili tusitazame vitufe. Kisha kila wakili akapata kompyuta yake, akawa anajichapia mwenyewe kwa vidole viwili, nami nikapewa saa ya ukutani na cheti cha shukrani. Tangu hapo hakuna aliyekuwa na haja na vidole hivi. Basi mvua ikanyesha, na siku ile ya kwanza halikuanguka neno hata moja mpaka liliposhuka la sitini.

Sheria ya pale inaruhusu malipo kwa raundi tatu tu kwa siku. Nikawa na ratiba. Asubuhi nikishakunywa chai nakaa kitini, napiga raundi tatu, nanunua supu, nampiga Shavu brashi, naondoka. Nilifanya hivyo kwa miezi kumi na mitatu, hata siku nilizokuwa na homa.

Fundi wa chini alikuwa akisikia mlio wa vitufe kupitia dari yake. Siku moja akanisimamisha ngazini. "Bi Mkubwa, unaandika kitabu au unamshtaki mtu?"

Nikamwambia nimeajiriwa.

"Na nani?"

"Na mnyama."

Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Tangu siku hiyo, nikipita na kikapu, ananiuliza, "Bosi amekula leo?" Namjibu amekula. Ni swali zuri kuulizwa mtu asubuhi. Siku nyingine huwa ndilo swali pekee ninaloulizwa mpaka jua linazama.

Nisifiche jambo lingine. Sikuwa nikifanya kazi kwa ajili ya supu peke yake. Kabla hujaondoka ulinionyesha nyumba fulani kule, kando ya ziwa, yenye vyumba viwili na ngazi ya mbao. Bei yake kokwa elfu sitini. Ulisema chumba kimoja kitakuwa chako na Shavu, na kingine cha Shangazi, "ila asikorome." Mimi nilikujibu kwamba ule ni upuuzi na kwamba hesabu zako za shule zinakungoja. Ndivyo nilivyokujibu. Lakini ulipokwenda kulala niliandika bei ile nyuma ya kalenda.

Mwishoni mwa Februari tulikuwa na elfu hamsini na nane na ushei. Nilikuwa nimepanga kuinunua tarehe 2 Aprili, siku yako ya kuzaliwa, ili ukiingia tu ukute mlango uko wazi.

Ndipo wasimamizi wa tovuti walipoleta barua. Walisema kwamba alama za mvua ya maneno katika akaunti hii zimezidi uwezo wa mtoto, na kwamba wanashuku mwenye akaunti anatumia mashine kujiandikia maneno. Wakampa siku saba ajieleze.

Chiriku, niliwaka. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kunishuku kwa lolote, hata stempu za ofisi. Nikakaa nikawajibu siku ileile, kwa tarehe, kichwa cha habari na aya nne. Katika aya ya pili nilisema: "Mimi si mashine. Mimi ni shangazi yake, nina umri wa miaka sitini na minane, na nilikuwa nikipiga chapa kwa vidole kumi kabla tovuti yenu haijazaliwa." Niliisoma mara mbili, sikuona kosa, nikaituma.

Jibu lilikuja kesho yake, kwa adabu nyingi. Walisema wanaamini kabisa kwamba mimi si mashine. Walisema pia kwamba kwa mujibu wa sheria ya sita, akaunti hutumiwa na mwenyewe tu, na kwa kuwa nimekiri kuitumia isiyo yangu, wameifunga. Mwenye akaunti peke yake ndiye anayeweza kufunguliwa, akiwaandikia kutoka anwani yake ya barua pepe kabla ya mwisho wa Aprili. Baada ya hapo itafutwa na vyote vilivyomo.

Niliitafuta sheria ya sita. Ipo. Mimi niliyewafundisha wasichana wa ofisini kusoma mkataba mpaka maandishi madogo ya chini, sikuisoma.

Nilipomsimulia fundi, alishusha mkasi. "Ungesema tu wewe ndiye mtoto. Nani angekuja kukutazama?" Nikamwambia sijawahi kutia sahihi kwa jina la mtu mwingine, na sitaanza uzeeni. Lakini nilipokuwa nikipanda niliyafikiria maneno yake ngazi zote ishirini na mbili.

Nikampigia baba yako ili akupe habari, maana siku zinakimbia. Alikuwa kazini, nyuma yake kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Dada, huo ni mchezo wa watoto. Mtoto mwenyewe aliuacha zamani. Nadhani hata hakumbuki kama upo."

Nikamwambia sawa. Nikamuulizia mgongo wake, nikakata simu.

Hakuniambia jipya, nilikuwa najua. Kila asubuhi nilipoingia nilikikuta kila kitu kama nilivyokiacha jana yake. Brashi palepale, bakuli palepale. Kama ungeingia hata mara moja ungekuwa umesogeza kitu, maana wewe maishani mwako hujawahi kuacha kitu mahali pake. Miezi kumi na mitatu nilikuwa nikitazama bakuli lile kwanza, kabla ya kumtazama Shavu.

Sikulaumu, na usije ukafikiri barua hii ni ya kulaumu. Utatimiza miaka kumi na minne. Umri huo una mambo yake, na mji mgeni una mambo yake zaidi. Mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka hiyo nilikuwa na shangazi aliyeniandikia, na sikumjibu barua mbili. Ninazikumbuka zote mbili.

Ninachokuomba ni kimoja. Waandikie wale watu. Mistari mitatu inatosha. Anwani yao nimeiandika kwenye kikaratasi nilichokitia humu. Ukishafunguliwa, Shavu ni wako: mchukue, mgawie mwenzako, au muage umwache. Kokwa nazo ni zako. Zinunulie hata kofia zote za duka la kule, sitauliza. Ila uamuzi utoke mkononi mwako. Nisingependa afutwe kwa sababu ya barua yangu mimi, baada ya kula supu yangu siku zote hizo.

Ukikosa nafasi ya mistari mitatu, niandikie mimi neno moja tu, nami nitaacha kuhesabu siku.

Kwa upande wangu nimefungua akaunti yangu, ya halali. Walinitaka nichague mwaka wa kuzaliwa katika orodha, nikashuka, nikashuka, mpaka nikadhani orodha itaisha kabla ya kunifikia. Nimepewa mnyama wa kijivu, mzito, anayefanana na kobe aliyeamshwa mapema. Nimemwita Karani. Safari hii nimewaandikia wasimamizi kabla ya kuanza, nikawaarifu kwamba napiga chapa haraka. Wamenishukuru kwa taarifa.

Nyumba ya ziwani siiwezi kwa sasa, lakini kwa kokwa chache nimepata kiwanja upande wa pili wa ziwa hilohilo. Bado hakina kitu ila jiwe moja, na Karani amekaa juu yake. Kila mnyama anaruhusiwa jirani mmoja bila malipo. Fundi wa chini, ambaye sasa amefungua akaunti yake kwenye simu na kufuga kitu chenye pembe, aliomba awe jirani yangu. Nilimwambia kiwanja cha jirani yangu kina mwenyewe.

Nisalimie baba yako. Mwambie maneno yake yalikuwa ya kweli na sikuyachukulia vibaya. Msalimie mama yako, wifi yangu, na umwambie lile sufuria lake kubwa bado ninalo na nalisugua. Mbusu mdogo wako Kibonge mashavu yote mawili, na umfundishe kusema "Shangazi" kabla hajazoea maneno mengine. Fundi anasema usiponenepa huko asikuone.

Mungu akulinde katika masomo yako, akupe marafiki wasiokuchoka, na koo lako alirudishie kelele zake.

Wako akupendaye, hata anapokemea,

Shangazi.

Tena: Nenosiri lako libadilishe, nami usinitajie jipya. Ile karatasi yako nimeikata kwa mkasi. Nusu yenye nenosiri nimeichoma, kama sheria inavyotaka. Nusu nyingine haina siri yoyote, ina maneno yako tu, kwa hiyo nimeirudisha chini ya kibodi.