Mjane Tuliyemruka

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Louisville tu wazima. Goti la bibi yako limepona, na mjomba wako wa Columbus amepata binti.

Unauliza kama uwaondoe wahitimu wakimbizi kwenye orodha ya mtakaowaomba kukichangia chuo chenu cha Buffalo, eti msiwasumbue. Nimeshtuka, maana nasi tulifanya hivyo.

Ujanani, tukikusanya maziwa ya kuwapa mafundi waliotujengea shule kule milimani, tulimruka mjane mmoja kwa huruma. Kesho yake alitufuata na kibuyu kilichojaa nusu.

“Vijana, mlinizika lini?”

Mwanawe naye angesoma pale.

Anza na shangazi yako. Wenzake aliohitimu nao hapo huombwa kila mwaka, naye huniuliza kama chuo kimepoteza namba yake.

Babu yako