Pejo ya Kanisa Iliyovuta Kushoto Mbele ya Baa ya Mama Camille

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Alphonsine Kabamba
Umri: miaka 44
Kazi: muuza samaki wakavu sokoni
Makao: Shituru, Likasi
Yamechukuliwa kituoni Likasi, tarehe 19 Agosti 1996, na afisa Germain.

Mimi ni dada mkubwa wa Athanase Kabamba, dereva wa Pejo 504 ya kanisa analosali, aliyefungiwa humu tangu Jumamosi kwa kosa la kuendesha akiwa amelewa. Nilikuwa nimeketi kando yake. Hakulewa. Naliweka hili mwanzo kabisa, ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho awe amelipata.

Mnamo tarehe 17 Agosti, saa tisa alasiri, tulitoka Shituru kwenda mjini na magunia yangu ya samaki wa ziwa Tshangalele. Njia nzima gari lilikwenda sawa. Athanase alishika usukani kwa mkono mmoja huku akiimba nyimbo za kwaya, tena vibaya. Tulipofika karibu na baa ya mama Camille, kwenye lile shimo ambalo hakuna anayelifukia tangu mambo ya nchi yaharibike, alikanyaga breki. Gari likaruka kushoto, likakata barabara, likapanda baraza ya baa na kuvunja kreti za bia. Hakuna aliyeumia. Lakini bia ilimrukia Athanase toka kichwani hadi miguuni, na askari walipofika wakamnusa, kesi ikaishia hapo.

Athanase aliniambia mimi dada yake, "Yaya, minye sikunywa kitu. Motokari njo inanivuta."

Mama Camille akasema, "Hii motokari kila siku inakuja kwangu. Yeye iko mutu wa kanisa, lakini motokari yake iko mulevi."

Watu walicheka. Mimi nilikasirika. Jana mzee Symphorien, kiongozi wa kanisa lao, alisimama madhabahuni akatangaza kwamba Athanase ananyang'anywa gari na kutolewa kanisani. Ndugu yangu ana mke na watoto watano, wote wanakula kutokana na usukani ule. Mshahara wenyewe siku hizi umekuwa hadithi Likasi nzima. Angepata wapi kazi nyingine, tena na jina la mlevi?

Mimi ni Mkatoliki. Nilipotoka misani nilikaa nikafikiri. Gari lilivuta alipokanyaga breki tu, kabla ya hapo hapana. Na kwa nini siku zote mbele ya baa? Kwa sababu shimo liko pale, na kila dereva hupunguza mwendo pale. Basi bia haikuwa na neno lolote katika habari hii.

Leo asubuhi nilikuja na fundi Bertin, jirani yangu. Alipima upepo wa matairi ya mbele ya Pejo, iliyozuiliwa hapa kituoni, akakuta yako sawa. Ndipo nikakuambia wewe, shefu, "Endesha weye mwenyewe." Uliendesha hapa mbele ya kituo, gari likanyooka vizuri. Nikapiga kelele, "Breki!" Ukakanyaga, na gari likaingiza pua katika ua wa kituo, upande wa kushoto.

Niliuliza, "Shefu, na weye ulikunywa?"

Askari wote walicheka. Andika hivyo hivyo, usiruke.

Uliamuru gurudumu la kushoto lifunguliwe. Bertin akakataa. "Ile ya kushoto inakamata muzuri. Ya kuume njo inakataa kazi, ile ingine inavuta yenyewe." Nilishika yote mawili. La kushoto lilikuwa la moto kama pasi, la kuume la baridi. Bertin akalifungua la kuume, na pedi za breki ziling'aa mafuta. Yalinukia vizuri, si kama mafuta ya mashine.

Mzee Symphorien, aliyekuwa amekuja kuchukua gari, alinusa kidole cha Bertin. Kisha akasema, "Haya mafuta iko yetu."

Alieleza kwamba walipoliweka gari wakfu mwanzoni mwa mwezi alimimina mafuta ya upako kwenye gurudumu lile, kwa kuwa kuume ni upande wa baraka. Athanase alipomlalamikia kwamba gari linavuta, alimwombea na kuongeza chupa nyingine. Mimi sibishani na upako. Lakini breki haikuuomba.

Bertin alisafisha kila kitu, akaweka pedi za Pejo nyingine iliyokufa. Uliendesha tena, ukakanyaga, gari likasimama limenyooka. Nilipiga vigelegele katika uwanja wa polisi na sioni haya. Tumeshinda!

Athanase alipofunguliwa, mzee alimwambia, "Mutoto wangu, unisamehe."

Athanase alikuwa analia na kucheka pamoja. Alijibu, "Nimekusamehe, papa. Lakini Jumapili utasema kwa madhabahu, pale pale ulinihukumu."

Mzee akasema, "Mbele ya bantu bote."

Nimesomewa haya yote, ndiyo niliyoyaona na kuyasema kwa kinywa changu, na hakuna lililopunguzwa.

Sahihi: Alphonsine Kabamba

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Mtuhumiwa ameachiliwa leo, hana kosa. Kuhusu swali aliloniuliza shahidi: sikuwa nimekunywa.

Germain, afisa wa upelelezi