Jina la Mtu wa Friji

Uvira, mtaa wa Mulongwe
Tarehe 14 Julai 2024

Mpendwa mjukuu wangu Noella,

Pokea salamu kutoka huku ziwani, wewe na mume wako Junior. Je, miguu bado inavimba? Unapata usingizi? Huko Kanada wanakupa chakula cha mtu mwenye mimba, au yale majani mabichi uliyonionyesha kwenye simu? Sisi tu wazima. Magoti yangu yamezeeka kabla yangu, na mafuriko ya mto mwaka huu yametuachia nyumba. Tunamshukuru Mungu.

Ombi lako limenifikia. Kwa kuwa baba yako hayupo tena, mimi ndiye wa kumpa mtoto jina, nawe unataka aitwe Zolbik, kama yule mtu wa picha ya sinema mnayoipenda wewe na Junior. Ukaniomba nisikatae kabla sijaiona. Nimeiona. Kosa langu ni kwamba sikuidharau mapema zaidi.

Mtu anatoka kwenye nyota ndani ya friji. Sawa; nimesoma vitabu vingi, naweza kuivumilia friji. Lakini kwa nini friji inaimba? Na yule mfalme wa nyota aliyevaa sufuria kichwani, kwa nini anaanguka kila anapopita mlangoni? Mara ya kwanza nilitabasamu. Nadhani waliotengeneza picha hii waliliona tabasamu langu, wakaamua kumwangusha mpaka mwisho.

Unasema huko watu hukusanyika kila mwaka kuitazama, wamevaa sufuria vichwani, wakiyasema maneno yote pamoja na waigizaji. Mjukuu wangu, sisi hufanya hivyo kanisani, na bado wengine husinzia.

Nisimwonee mtu. Yule mama dobi anayempa Zolbik mahali pa kulala anaigiza vizuri, kana kwamba hakuambiwa yuko katika picha gani.

Tuliitazamia kwa jirani yetu Félicien, mwenye ukumbi wa video, ambaye hupunguza sauti na kuwaeleza watu picha kwa Kiswahili. Picha ni ya Kiingereza, Félicien hajui Kiingereza, na jambo hilo halijawahi kumzuia. Mimi nilikuwa nikisoma maandishi ya Kifaransa yaliyo chini. Mfalme alipotoa hotuba ndefu juu ya upweke wa sayari, Félicien alipaza sauti kudai dagaa wake: "Weye friji! Ndagala yangu iko wapi? Minye niliacha sahani muzima humu!" Watu walilaliana kwa kicheko. Nami nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Kicheko hicho ni cha Félicien. Msiwahesabie wale wa friji.

Sasa nifike kwenye lile lililonichukiza kuliko yote. Kila asubuhi Zolbik anatoka nje ya duka la dobi, ananyoosha kidole angani, anasema kwao ni kule, karibu tu, na kwamba kesho atarudi. Kila asubuhi kidole kinaelekea upande mwingine. Hapo ndipo tunatakiwa kucheka. Mzaha wa bei rahisi. Félicien alikuwa amenyamaza kidogo, anakunywa maji. Katika kimya hicho dada yangu, bibi yako Apolline, akasema kwa sauti ya sokoni: "Eeh! Huyu si Mathieu? Walimupatia wapi?"

Ukumbi wote uliiacha picha, ukageuka kunitazama mimi.

Unajua kwamba kila asubuhi nasimama mlangoni na kikombe changu, na unajua naelekeza wapi. Tulipokimbia vita kule kijijini kwetu Runingu, wewe hukuwa umezaliwa. Kwa pikipiki si mbali; nimelisema hilo kila mwaka. Mashamba yetu yanalimwa na watu nisiowajua. Lakini niandike wazi: kidole changu hakijawahi kupotea. Runingu iko kaskazini, na mimi huelekeza kaskazini. Huyo wa friji ni mzembe.

Tangu siku hiyo sina jina lingine. Watoto wa hapa, waliokuwa wakiniita tate kama watoto wote wanavyomwita babu yao, sasa ni "Tate Zolbik! Tate Zolbik!" mpaka barabarani. Pélagie anayeniuzia maandazi huniuliza: "Zolbik, unarudia kwenu leo?" Namjibu, "Kesho." Hucheka, kisha huniongezea andazi moja bila kunitazama.

Kwa hiyo, jibu langu ni hili. Kwetu mtoto haitwi jina la picha. Huitwa jina la mtu, ili siku akiuliza limetoka kwa nani, aonyeshwe. Nilikuwa tayari kukuandikia hapana, tena na sababu zake zote. Lakini Mulongwe nzima imeniharibia. Zolbik sasa ni mtu. Ana magoti mabovu na anakaa karibu na mto. Mpeni mtoto jina hilo. Akiuliza, msimwonyeshe friji. Mwonyesheni upande iliko Runingu, na mhakikishe kidole kimeelekea sawasawa.

Msalimie Junior, ambaye bado sijamsamehe kwa picha ile, na dada yako Laure, asiache kuja kukuangalia. Apolline na Félicien wanakusalimu. Siku yako ikifika, Mungu akushike mkono, mtoke wawili salama.

Akupendaye hata baada ya friji ile,

Tate wako,
Mathieu