Matofali Hayachuji

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimefagia ukumbi. Nimetandaza kanga barazani, hakuna aliyeuliza bei. Saa kumi jirani yangu Mama Dilip kashuka kutoka ghorofani, ndala mkononi, anahesabu ngazi kwa Kihindi. Tumecheza gemu la matofali mpaka magharibi. Kanifunga. Tangu afiwe na mumewe ananifunga kila siku.

Mashine ya gemu aliiacha mjukuu wangu Hashimu alipokwenda Maskati. Kaseti aliacha moja tu, hii ya matofali. Vipande vinashuka kutoka juu ya TV, unavigeuza, unavipanga. Mstari ukijaa unafutika. Ukizembea ukuta unafika juu, umekwisha, unampa mwenzio pedi ya kubonyezea. Basi, hamna zaidi.

Mama Dilip akipanda kwake nyumba hii inakuwa kubwa.

Jumatano, 6 Machi

Leo kanirudishia pedi. Kasema nicheze mimi, yeye atasikiliza. Nikamuuliza atasikiliza nini, kinanda? Akacheka kidogo tu. Kaondoka mapema.

Amechoka na matofali. Au amechoka na mimi. Hilo la pili linaniuma.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda Mtaa wa Kongo kwa Shabani, yule wa meza ya kaseti. Unampa yako ya zamani na kitu kidogo juu yake, anakupa nyingine. Nikamwambia nataka gemu la kumchangamsha mtu mzima mwenzangu. Akaishika ya matofali kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Bibi, hii imechuja. Siku hizi watu wanataka hili hapa."

Picha ya jamaa kifua wazi, kashika bunduki. Anakimbia porini anapiga watu. Rangi zake kama nguo za Idi. Nikachukua, yangu nikamwachia.

Nimerudi nikitabasamu njia nzima. Watu wa Kariakoo wamenikanyaga miguu sikutukana hata mmoja.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Dilip kajaribu mara tatu. Mara tatu kafa hajafika popote. Risasi zinamjia, yeye kakodoa tu. Kasema kichwa kinamuuma. Chai hakumaliza.

Jumatatu, 11 Machi

Hajashuka tangu Ijumaa.

Nimecheza peke yangu. Yule jamaa nimemfikisha mwisho. Na huko mwisho hamna kitu, maandishi ya Kizungu na muziki. Nikaanza upya. Adui ni wale wale, wanatokea nyuma ya mti ule ule, nawajua kama majirani. Gemu la hadithi lina siri yake moja. Ukishaijua umebaki na ganda la karanga.

Jumanne, 12 Machi

Nimembadilishia Shabani, nimechukua la magari. Nimemtuma mfanyakazi wa Dilip akamwambie Mama Dilip kuna jipya. Kajibu bado kichwa.

Nimelala mchana. Mimi silali mchana.

Alhamisi, 14 Machi

Umeme wa mgao, TV imezima kutwa. Nimekaa na sanduku la kanga nikawaza.

Kanga nimeuza tangu nina meno yote. Zile zinazotoka na jambo la mwaka, watu wanagombania leo, mwakani wanadekia. Kisutu je, kanga ya harusi? Nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Bibi yangu kaolewa nacho, mimi nacho, mabinti zangu nacho. Duka zimefunguka, meli zinashusha kila takataka pale bandarini, na bado siku ya harusi mama mtu anatafuta kisutu. Kwa sababu hakijapata kujifanya kitu cha leo.

Gemu ni hivyo hivyo. La magari linataka kufanana na gari. Sasa gari mpya inapita nje dirishani, ya kwenye TV imeshakuwa mkweche. La mpira linazeeka pamoja na wachezaji wake. La ngumi linadumu kiasi, maana kumtwanga mwenzio hakuchoshi, lakini lazima mwenzio awepo. Matofali hayafanani na kitu. Hata na matofali yenyewe hayafanani. Yatapitwa na nini?

Nimetoa kisutu nikapewa la msimu. Mimi, muuza kanga.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepanda ghorofani. Magoti yananidai mpaka sasa.

Nimemkuta peke yake mezani. Aliutafuta mpini wa kikombe kwa vidole, akaanzia pembeni ya meza, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Sikuzunguka maneno.

"Mama Dilip, wewe huoni."

Kakisukuma kikombe pembeni. Halafu kasema tangu kabla ya sikukuu yao ya Divali. Ukungu, na unazidi. Matofali alikuwa anayaona kwa kuwa ni makubwa, na vipande vyake kavizoea. Yule wa bunduki hakumwona hata kidogo. Kaona haya kusema.

Kaniapisha nisimwambie Dilip. Mwanawe akijua atamkataza ngazi. Akikatazwa ngazi atakaa humu ndani mpaka afe, kutwa Dilip na mkewe wako dukani. Nimeapa.

Nimeketi kwenye kona ya ngazi nikalia. Nilidhani amenichoka. Kumbe kile alichokuwa bado anakiona nimempokonya mwenyewe, nikalipia na pesa juu.

Jumatatu, 18 Machi

Meza ya Shabani nimeichambua yote. Magari chungu nzima. Mpira chungu nzima. Yule kifua wazi wako sita wamelaliana. Matofali hakuna. Nimekwenda meza nyingine, na nyingine, mpaka kule shimoni, chini ya soko. Hakuna. Kijana mmoja kanicheka: "Hilo bibi halirudi mezani. Aliyenalo kakaa nalo."

Kama mitumba. Kwenye fungu hukuti ile shati mtu aliyoipenda, hiyo aliivaa mpaka ikachanika. Kinachojaa mezani ndicho kilichochosha watu.

Jumanne, 19 Machi

Nimerudi kwa Shabani asubuhi mapema, hajapanga meza. Nyuma ya pazia nikasikia ule muziki wa matofali. Kakaa kwenye kreti ya soda, katoa ulimi, anapanga matofali. Kaseti ni yangu, ina doa la hina la kidole changu.

"Uliniambia imechuja."

"Bibi, shikamoo. Nilisema kwa biashara imechuja. Kwa kucheza sikusema."

Nikampa magari anirudishie yangu. Hataki. Pesa hataki. Nikavuta stuli nikakaa mbele ya meza. Kila mteja aliyekuja nikamwambia hayo magari yanakwisha utamu wiki moja. Wateja wawili wakaondoka. Shabani kashika kichwa.

"Bibi, utaniharibia. Naoa Jumapili, nina majukumu."

Nikamuuliza kisutu kimepatikana? Kasema mama yake kazunguka mji mzima, vya madukani ni vyepesi kama karatasi, kumpelekea bibi harusi wanaona aibu.

Ninacho kimoja. Doti nzima, pamba nzito ya zamani, haijaguswa na maji. Nilimwekea mke wa Hashimu. Hashimu hajasema ataoa. Hajasema hata atarudi.

Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Kisha nikaenda nyumbani nikakileta. Kakishika, kakinusa, kaichomoa kaseti mwenyewe. Hakuna aliyempunja mwenzie.

Jumatano, 20 Machi

Nimetuma salamu juu: matofali yamerudi. Bora nisingetuma.

Kashuka mbio, hakuhesabu. Ngazi ya mwisho hakuiona. Nilisikia kishindo nikiwa nachomeka TV. Mfupa haukuvunjika, lakini goti limechanika na uso umevimba. Dilip kaja kutoka dukani, kauliza kaangukaje. Mama yake kasema kateleza. Nikautazama ule uso. Nikasema: "Mama yako haoni, Dilip. Mpeleke kwa daktari wa macho."

Kiapo nimekivunja. Ningekivunja tena.

Dilip kambeba. Kapiga marufuku ngazi, vile vile mama yake alivyosema. Mama Dilip kanipa kisogo.

Alhamisi, 21 Machi

Kaseti ninayo. Sijaichomeka. Nimepika wali mwingi kwa mazoea ya zamani, nyumba ilipokuwa na watu. Nimempa paka.

Jumapili, 24 Machi

Huko kwa Shabani wanapiga vigelegele leo. Mimi nimeifunga mashine kwenye kanga nikapanda nayo. Kila kona ya ngazi nimeketi. Dilip kafungua mlango, kaniunganishia kwenye TV yao.

Mama Dilip kalala kaelekea ukutani. Nikamwamkia, hakugeuka. Sikubembeleza. Nikaanza kucheza, nacheza na kusema, kila kipande nakiita kwa umbo lake.

"Sanduku limeshuka. Nimeliweka kati." Kimya. "Bakora. Nimeilaza." Kimya. "Fimbo inakuja, ndefu. Shimo liko kulia. Naona niitie kushoto."

"Mjinga wewe," kasema kwa ukuta. "Kulia."

Nikatia kulia. Mistari minne ikafutika kwa mpigo. Akausikia ule mlio. Akageuka.

Tumecheza mpaka mke wa Dilip akaleta chai. Yeye anasema, mimi nabonyeza. Nikikosea ananipiga paja. Kasema bado amenikasirikia. Nikasema kasirika, ila tuambie hiki kiti kiende wapi.

Yule wa bunduki ningemsimuliaje? Na magari? Kabla sijamaliza kusema ameshagonga. Gemu linaloweza kuchezwa kwa mdomo, hilo halina siku ya kufa.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Mtaa wote tope, barazani sikutoa kitu.

Daktari kasema ni mtoto wa jicho, jicho moja watalipasua masika yakiisha. La pili hakuahidi. Mashine inakaa juu sasa. Huku chini TV yangu naifunika kitambaa.

Nimepanda saa kumi, nimeshuka magharibi. Tunapokezana, zamu yake mimi nabonyeza anavyoniamuru. Kanifunga.

Nikifumba macho usingizini vipande vinaendelea kushuka, fimbo, sanduku, bakora, vyote na rangi zake. Nimemwambia. Kasema na yeye vinamshukia, na rangi zake hivyo hivyo.

Huko tunaona sawa.