Nilimsikia Akiniita Nikanyamaza

Mshauri Ritha, nakuandikia kuomba msaada, na kabla sijaeleza lolote niruhusu nifafanue neno moja, kwa kuwa kosa langu lote limo ndani yake. Kuitika si kujibu. Anayejibu hutoa maelezo. Anayeitika hutoa sauti tu, ili anayemwita ajue kwamba yupo, na yuko upande gani. Katika vichaka vya Itigi, ambako matawi yamesongamana kiasi kwamba mtu aliye hatua tano mbele yako humwoni, warina asali hutembea kwa kanuni moja: wa nyuma huita kila njia inapokata kona, na wa mbele huitika. Ukimya una maana moja tu, kwamba mwenzako ameumia, na ni lazima umtafute.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Manyoni, na rafiki yangu, nitakayemwita Noel kwa kuwa majina nimeyabadilisha, alifanya kazi reli mpaka alipostaafu. Yeye ni Mgogo, mimi Mnyaturu, na nyumba zetu zimetaniana tangu enzi za babu zetu. Tulipokuwa darasa la sita tuliahidiana kwamba siku moja tutatembea kwa miguu kutoka Kilimatinde, tupite vichaka vyote hadi Mitundu, njia aliyopita baba yake akitafuta asali, na ahadi hiyo tuliiahirisha kwa miaka zaidi ya hamsini hadi mwaka jana, daktari alipomwambia Noel kwamba ana presha ya macho, kwamba uoni wake unafungwa kuanzia pembeni, na kwamba akitaka kuona kitu akione sasa.

Tukaanza mwezi wa tano mwaka huu, kwa kibali, na mizigo migongoni, safari ya siku tisa. Siku ya pili adhuhuri tulipumzika kwenye kambi ya mrina asali anayeitwa Amosi, naye Noel, ambaye alikuwa amenitania tangu Kilimatinde bila kuchoka, akamwambia: "Amosi, mwangalie vizuri huyu Mwalimu! Amefundisha ramani miaka thelathini na nne, watoto wa watu wamefika mpaka Ulaya, yeye mwisho wake Issuna hapo jirani, na alifuata mnada wa mbuzi!" Amosi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nilicheka, kwa sababu mtani haruhusiwi kukasirika, lakini lilikuwa kweli, Mshauri, kweli tupu, na lilikaa kifuani kama mwiba uliokatikia ndani.

Tulipoondoka mimi nilitangulia. Baada ya kama saa moja nilimsikia nyuma yangu: "Mwalimu! Upo?" Nikakaa juu ya gogo kando ya njia, nikanyamaza. Nilijiambia akiita mara tatu nitaitika, zilipofika tatu nikajiambia tano, na nakiri kwamba kila alipoita nilipata raha fulani ambayo sijawahi kuijua katika maisha yangu. Mara ya saba alisema: "Mwalimu, umeanguka? Usisogee, nakuja!" Hapo nikasimama kumngoja, nikiwa nimeshaandaa na kicheko cha kumpokea, lakini hakutokea. Njia ilikuwa imegawanyika, na yeye ambaye haoni pembeni alishika njia ya ng'ombe akaingia ndani kabisa ya vichaka kunitafuta mimi. Nilipoita, hakuna aliyeitika.

Tulimpata kesho yake saa tano asubuhi, mimi na Amosi, ambaye nilirudi kambini kumwita. Alikuwa hai. Tawi la mwiba lilikuwa limemchoma jicho la kulia, lile ambalo ndilo lilikuwa zima kidogo. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Afadhali uko salama," kisha akaniambia yeye mwenyewe, bila mimi kumuuliza, kwamba bila shaka upepo ulichukua sauti yake. Nikatikisa kichwa kukubali. Huo ndio uongo wangu, nao sikuutamka hata kwa neno moja.

Sasa kila anayemtembelea anamsimulia jinsi Mwalimu alivyomtafuta. Mkewe, Evodia, aliniletea kuku jike akasema, "Shemeji, sina cha kukulipa, ila nakukabidhi macho ya mume wangu." Kuku huyo nimeshindwa kumchinja. Anataga jikoni kwangu, nami siyali mayai yake. Na Noel, ambaye daktari amesema ataona hadi Krismasi tu, anataka tuanze upya mwezi ujao, nami tu, anasema hana imani na masikio ya mtu mwingine. Nikimwambia ukweli nitamnyima mwenzi, na safari hatakuwa nayo tena. Nisipomwambia atanifuata msituni akiamini kitu ambacho hakipo. Nimekuwa mtu wa kupima mambo maisha yangu yote, na hili nimelipima kila upande, sioni upande ulio na nafuu. Nifanyeje?

Mwalimu, Manyoni

*

Mwalimu,

Barua yako imepangwa vizuri sana, na hilo ndilo linalonitia mashaka. Umefafanua neno, umetaja saa, umehesabu miito. Kitu kimoja hukukisema: kwamba Evodia humsomea mumewe gazeti hili. Mtu ambaye macho yake yamefikia hapo atasomewa na nani kama si mkewe? Umebadilisha majina, lakini kuku umemwacha, na reli, na Issuna, na safari yenyewe. Mwanamke aliyeleta kuku yule atajijua kabla hajafika nusu ya ukurasa. Wewe hukuja kuomba ushauri. Umekuja kuomba gazeti likiri kwa niaba yako, ukiwa umekaa mahali ambapo huonekani. Hiyo ni tabia ileile ya kwenye gogo.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Neno la Noel liliuma kwa sababu utani unampa mtu ruhusa ya kusema kweli bila kumpa aliyechomwa ruhusa ya kulia. Lakini ruhusa ya utani inaishia mdomoni. Mtani ana haki ya kukucheka, na ana wajibu wa kukuzika; hakuna nyumba ya Kigogo wala ya Kinyaturu inayotenganisha hayo mawili. Noel aliutimiza wajibu wake akiwa nusu kipofu. Wewe ulichukua haki ya kulipiza, haki ambayo hukupewa na mila yoyote.

Sasa sikiliza. Nilikupigia simu Jumatatu kwa namba uliyoiandika, nikakwambia barua itachapwa Jumamosi, ukasema, "Nimesikia." Kwa hiyo ulikuwa na siku nne, na kama hukuzitumia, weka gazeti hili chini sasa hivi uende.

Nenda mchana, Evodia akiwepo. Sentensi ya kwanza iwe: "Nilikusikia." Usianze na Amosi, usianze na mnada, usitaje ulivyoumia, atakayekuuliza kwa nini ndiye atakayekupa nafasi ya kueleza. Upepo usiutaje kabisa. Usimrudishie Evodia kuku wake, maana huko ni kumpa yeye kazi ya kukutuliza. Msamaha usiuombe siku hiyo. Sema, nyamaza, na mwache yeye aamue ni lini utaondoka.

Akitaka bado kwenda, aonwe kwanza na daktari wa macho, na safari iwe ya watu watatu. Amosi atangulie. Noel awe katikati, na filimbi shingoni. Wewe ukae nyuma. Kazi yako itakuwa kuita kila kona na kungoja usikie kama kuna atakayeitika, siku zote tisa.

Unaogopa kwamba ukweli utamnyima safari. Inawezekana. Mimi naogopa kinyume chake, na hapa ushauri wangu unafika mwisho: huenda akasema, "Haya, Mwalimu, tufunge mizigo." Mtu ambaye hana mwenzi mwingine, wala mwaka mwingine wa kuona, akikuambia hivyo, wewe utajuaje kama amekusamehe au amekuhitaji tu?